Sanamu ya Mekatilili na Mshahara wa Siku ya Mashujaa



Juma lililofuata Siku ya Mashujaa ya mwaka jana walikuja ofisini kwetu hapa Malindi akina mama watatu na kijana mmoja, wote wafanya kazi wa hoteli moja ya ufukoni. Jina la hoteli silitaji, maana shauri lingali mezani na katibu hataki karatasi hii iwe sababu ya mwajiri kununa na kuondoka barazani. Lakini habari yenyewe yafaa kila mwanachama aijue, kwa kuwa imenifanya nifikiri upya jinsi mji wetu unavyomkumbuka Mekatilili wa Menza.

Siku hiyo ya tarehe 20 Oktoba hoteli ilitangaza kwa wageni wake kwamba jioni kutakuwa na “Usiku wa Mekatilili”. Asubuhi msimamizi alikuja dobini na kwa watu wa vyumba, akawaambia akina mama kwamba zamu ikiisha wasiende nyumbani. Watavaa hando, watacheza ngoma kando ya bwawa la kuogelea, na mmoja wao atashika kuku mkononi awe ndiye Mekatilili. Kijana mmoja wa baa atavaa kofia ya kizungu awe ndiye Bwana Champion. Malipo? Sahani ya pilau na soda moja kila mtu.

Mama mmoja wa dobi alikataa. Alikuwa amesimama kwenye mashine tangu saa kumi na mbili asubuhi na miguu imemvimba. Alisema kwa heshima kwamba ngoma aijua tangu utoto wake na haikumshinda, lakini leo hawezi, na tena kama ni kazi basi ilipwe kama kazi. Akaambiwa kesho asije. Mama huyo amekuwa kibarua katika hoteli hiyo kwa miaka sita. Nimesema miaka sita, si siku sita.

Wenzake wakacheza. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha. Kuku akamdonoa yule kijana wa kofia kama ilivyopangwa, watu wakacheka sana. Na mwanamke wa pekee ambaye siku hiyo alifanya jambo alilofanya Mekatilili alikuwa njiani kurudi Muyeye kwa miguu, hana kazi.

Sasa ndugu zangu, wengi wetu tulizaliwa hapa na kisa cha kuku tulikisikia kabla ya kujua kusoma. Lakini tuna wanachama waliotoka bara, na vijana ambao shuleni walifundishwa kwa haraka, basi nitakieleza kidogo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili ni mama yake Katilili, kama ilivyo desturi ya Wagiriama kumwita mama kwa jina la mwanawe. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto aliona ndugu yake akikamatwa na wafanya biashara ya watumwa na hakurudi tena. Kama ni hivyo, basi aliijua kazi ya kulazimishwa kabla Mwingereza hajafika kwao na daftari. Mwaka 1912 Serikali ya kikoloni ilimleta Arthur Champion awe msaidizi wa DC kwa Wagiriama, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kukusanya kodi ya nyumba na kutoa vijana waende kufanya kazi. Mashamba ya wazungu ya pwani yalitaka watu. Mombasa ilitaka watu. Wagiriama walikuwa wakulima wazuri wa mahindi, wakiuza chakula chao wenyewe, na hawakuona kwa nini mtu mwenye shamba lake aliache likaote majani ili akalime la mwingine kwa rupia chache.

Hapo ndipo penye kiini. Watu husema “Mekatilili alipigana na wakoloni”, na maneno hayo ni kweli, lakini ni mapana mno, kama mtu kusema baba yake alikuwa na kazi mjini. Alikataa nini hasa? Alikataa kodi ambayo ilitungwa ili kumtoa mtu shambani, na alikataa vijana kuchukuliwa kwenda kazini kwa amri. Katika mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza kifudu, ambayo ni ngoma ya matanga, na watu wakamfuata kutoka kijiji hadi kijiji, kwa maana huwezi kuiacha ngoma ya msiba ikapita. Kisha yeye na Wanje wa Mwadorikola wakawakusanya watu kayani, wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi: hakuna atakayemtumikia mzungu wala mzee aliyepewa mshahara na mzungu. Katika baraza moja, ndivyo wazee wanavyohadithia, alimletea Champion kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Alipopeleka mkono kuku akamdonoa. Ndivyo itakavyokuwa, akasema, ukiwagusa wana wetu.

Mwanachama, ukiwaita watu wakala kiapo pamoja kwamba hawatakwenda kazini mpaka dhuluma iondolewe, sisi katika chama twaliitaje jambo hilo? Jina lake twalijua. Nalo lilifanyika hapa pwani, kwa maelfu ya watu, miaka thelathini na zaidi kabla ya mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, tena bila karani, bila kadi, bila ada.

Sisemi kwamba Mekatilili alikuwa mtu wa chama cha wafanya kazi. Hapana, tusimvike kofia isiyo yake kama walivyofanya watu wa hoteli. Aliitetea kaya, na mila, na mamlaka ya wazee, na mengine aliyoyasema juu ya desturi za kigeni leo huenda yasitupendeze wote. Na wala hakupigana peke yake. Wanje leo hatajwi sana, ingawa walikamatwa pamoja mwezi wa Oktoba 1913, wakapelekwa pamoja Kisii, upande wa pili wa nchi, na pamoja wakatoroka mwezi wa Januari 1914 wakarudi kwa miguu kutoka upande wa Ziwa hadi upande wa bahari. Nami napenda kutaja jina la Wanje kila nipatapo nafasi, kwa sababu katika kazi yetu hii nimeona mara nyingi mwenyekiti akisifiwa na halmashauri ikisahauliwa.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya. Mwezi wa Agosti 1914, mwezi ule ule ambao vita vya wazungu vilianza Ulaya, Serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikawaka. Nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, watu wakauawa kwa bunduki. Mekatilili na Wanje wakakamatwa tena. Na masharti ya amani, ndugu wanachama, yasomeni vizuri: faini ya rupia 100,000, kuondoka ng’ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, na kutoa vibarua 1,000. Vita viliyoanzia kwa kukataa kutoa vibarua vilimalizwa kwa kutozwa vibarua. Maana wakati huo Jeshi lilitaka wapagazi wa kuchukua mizigo kwenda kumpiga Mjerumani katika Tanganyika, wale wa Karia Ko ambao jina lao limebaki katika soko la Kariokor pale Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Nikipita Nairobi katika Kenyatta Avenue hutazama sanamu za Askari zilizowekwa mwaka 1928. Askari yuko, na mpagazi naye yuko. Ni sanamu nzuri, sikatai. Lakini majina ya wapagazi hayapo, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Waliofanya hesabu ya mizigo walikuwa waangalifu kuliko waliofanya hesabu ya watu. Serikali iliyowapeleka kwa nguvu ndiyo iliyowasimamishia sanamu ya kuwasifu kwa uaminifu wao. Tangu nilipolifahamu jambo hilo kila sanamu naiuliza swali moja: nani amekuweka hapa, na ametaka tusahau nini?

Basi turudi Malindi. Mji wetu una kumbukumbu za namna nyingi. Mashuhuri kuliko zote ni nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika hapa mwaka 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa Malindi, akapewa rubani, akaenda zake Bara Hindi. Nguzo ile imetunzwa, ina njia, ina mlinzi, na mgeni hulipa kiingilio kwenda kuiona. Mekatilili alingoja zaidi. Mwaka 2010 ndipo bustani ya Uhuru ilipopewa jina lake na sanamu yake ikasimamishwa. Ni mwaka huo huo ambao siku ya tarehe 20 Oktoba, iliyokuwa Siku ya Kenyatta, ilibadilishwa ikawa Siku ya Mashujaa wote. Na kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Agosti, wazee wa kaya na watu wa utamaduni hufanya tamasha, huandamana, huenda mpaka Bungale katika Magarini alikozikwa. Bungale iko kaskazini ya Sabaki. Yaani mwanamke huyu amelala upande ule ule wa mto ambao watu wake waliamriwa wauhame.

Wazee hao nawapa heshima yangu yote. Bila wao sanamu isingekuwapo, wala kaburi lisingejulikana. Walikuwa wakienda Bungale wakati ambapo hakuna mkubwa aliyetaka kusimama karibu nao kupigwa picha. Hata leo wanaikumbuka siku yao kwa ngoma ile ile ya asili, na ngoma ikichezwa na mwenyewe, kwa hiari yake, kwa wafu wake, hiyo ni ibada. Sina ugomvi na hando wala na kifudu. Ugomvi wangu ni na yule anayeichukua ngoma ya matanga akaifanya kachumbari ya chakula cha jioni.

Tena kuna jambo ambalo wazee wa Kigiriama waweza kutufundisha juu ya kumbukumbu. Kwao mzee wa Gohu akifa, baada ya muda jamaa zake humchongea kigango, mti mrefu wenye kichwa na nakshi, wakausimika karibu na nyumba. Asiyekuwa wa Gohu husimikiwa koma, kijiti kidogo. (Hata kwa wafu kulikuwa na daraja, tusijidanganye, Gohu kilikuwa chama cha wenye mali.) Lakini kikubwa au kidogo, mti huo si pambo. Ukishasimikwa hauhamishwi. Marehemu huelezwa mambo ya nyumbani, humwagiwa tembo, na akisahauliwa hudai. Wezi walikuja wakang’oa vigango vingi wakaviuza kwa watalii na wenye maduka ya sanaa, vikaenda kusimama katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya na vingine vikafuata baadaye. Walionunua walidhani wamenunua mti uliochongwa vizuri. Hawakujua kwamba wamebeba mtu anayedai.

Na mimi nauliza: sanamu yetu ya bustanini, je, nayo inadai? Au tumesimamisha mti tu?

Katika Siku ya Mashujaa wakubwa husimama mbele ya watu wakasema Mekatilili alikuwa shujaa, mwanamke jasiri, mfano kwa wasichana wetu. Nimesikiliza hotuba hizo kwa miaka mingi, wakati mwingine juani na wakati mwingine kwenye redio. Ni nadra kusikia neno “kodi”, na ni nadra zaidi kusikia neno “kibarua”. Sababu yake si ngumu kuiona. Ukisema alikataa watu kupelekwa kazini kwa nguvu na kwa ujira usiotosha, msikilizaji atageuka kumtazama aliyeketi kwenye kiti cha mbele, naye huenda ni mwajiri wake.

Yule mwajiri wa hoteli tulimwandikia barua. Akajibu, na majibu yake nimeyasoma mara tatu, kwamba kazi ya jioni ile ilikuwa ya “kujitolea” na kwamba wafanya kazi “walihimizwa” kushiriki katika utamaduni wao. Neno hilo la kuhimiza lina umri mkubwa katika nchi hii. Mwezi wa Oktoba 1919, Gavana akiwa Northey, ilitolewa barua ya Serikali kwa maofisa wote kwamba wawahimize Waafrika watoke wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu, na machifu nao wahimize, na chifu asiyehimiza jina lake liandikwe. Kulazimisha hawakusema. Kuhimiza tu. Kelele zilikuwa kubwa hata Uingereza kwenyewe, kwa maana kila mtu alijua kijana wa kijijini atamfanya nini chifu anayemhimiza na askari wawili nyuma yake. Na mama wa dobi ambaye ni kibarua wa siku kwa siku, msimamizi akimhimiza, yeye atasema nini?

Sheria yetu ya leo iko wazi kuliko watu wanavyofikiri. Sikukuu ya Serikali ni sikukuu, na mwenye kuifanyia kazi hulipwa mara mbili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja si kibarua tena; ana haki za mtu wa mwezi. Na Katiba, ambayo nayo ni ya mwaka ule ule wa 2010 ulioleta sanamu, yakataza katika kifungu cha 30 mtu kufanyishwa kazi kwa nguvu, na katika kifungu cha 41 yampa mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama, na ya kugoma. Nadhani hakuna kumbukumbu ya Mekatilili iliyo kubwa kuliko vifungu hivyo viwili. Havina uso wake wala jina lake, lakini alilolikataa yeye vinalikataa navyo.

Nilipolisema hili katika mkutano wa tawi, ndugu mmoja wa siku nyingi aliinuka akanipinga. Alisema chama kina kazi ya mishahara na nyumba, na mambo ya sanamu tuwaachie wazee wa kaya na watu wa kaunti. Alisema pia kwamba sisi katika chama ni watu wa makabila yote, na tukimshika shujaa wa Wagiriama, kesho Mluo atataka wake, na Mkamba wake, na mkutano utakuwa wa matambiko. Ndugu huyo ni mtu wa akili na sikumdharau. Nami pia naogopa siku ambayo ada zetu zitanunua maua.

Lakini nilimjibu hivi. Kwanza, mambo ya sanamu yameshaingia katika mambo ya mshahara. Si sisi tuliyoyaingiza, ni hoteli. Pili, Mkamba ana Muindi Mbingu, ambaye mwaka 1938 aliwaongoza watu wake mpaka Nairobi wakakaa wiki nyingi wakidai ng’ombe wao walionyang’anywa, na Serikali ilipochoka nao ikamkamata ikampeleka Lamu. Tazameni: Mgiriama akapelekwa Kisii, Mkamba akaletwa Lamu. Na Chege Kibachia, aliyeongoza Shirikisho la Wafanya Kazi Waafrika hapa Mombasa baada ya mgomo wa 1947, alipelekwa Baringo akakaa miaka kumi. Makhan Singh, ambaye alikuwa Kalasinga na si kabila la mtu yeyote katika mkutano ule, alifungiwa huko kaskazini tangu 1950 hadi 1961 kwa sababu ya vyama vya wafanya kazi na kusema waziwazi kwamba nchi ipewe uhuru. Waliowafukuza hawakuuliza kabila. Mtu akikataza watu kwenda kazini kwa dhuluma, ramani ilifunguliwa, akatafutiwa mahali pa mbali na kwao. Wote hao ni safu moja, na Mekatilili amesimama mwanzoni mwake. Kama hilo ni tambiko, basi mimi ni mganga.

Watu walicheka, naye akacheka, lakini hakukubali kwa yote. Akasema, “Basi katibu, fanyeni bila kugusa sanduku la chama.” Maneno hayo yaliandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na tutayafuata.

Yaliyokubaliwa ni machache. Siku ya Mashujaa ijayo wanachama wasio zamu wataonana bustanini asubuhi mapema kabla ya hotuba za wakubwa, wavae nguo zao za kazi, mtu wa dobi na aproni yake, mpishi na kofia yake, mtu wa bustani na buti zake. Hatutacheza na hatutahutubu. Wazee wa kaya tumewaomba ruhusa, nao wametukaribisha vizuri, mmoja akasema walikuwa wakishangaa siku zote kwa nini wafanya kazi huja na waajiri wao badala ya kuja wenyewe. Kisha tumeandika kuomba kwamba pale sanamuni liongezwe bamba dogo lenye maneno machache ya Kiswahili na Kigiriama kueleza alikataa nini, tena kwa maneno hayo hayo: kodi na kazi ya kulazimishwa, na jina la Wanje lisikose. Majibu bado. Mimi sina haraka sana na bamba. Mekatilili na Wanje walirudi kwao kabisa mwaka 1919, baada ya miaka zaidi ya mitano tangu kukamatwa mara ya kwanza, wakapewa nafasi zao barazani, yeye kwa wanawake na Wanje kwa wanaume. Barua yetu haijafika hata mwaka.

Lakini shauri la mama wa dobi nina haraka nalo. Hilo haliwezi kungoja bamba. Tumedai arudishwe kazini, aandikwe kuwa mtu wa mwezi tangu mwezi wake wa pili miaka sita iliyopita, na wenzake wote waliocheza jioni ile walipwe saa zao za usiku kwa kima cha sikukuu. Mwajiri amekubali habari ya saa, akisema ni “zawadi”. Tumemrudishia barua kwamba zawadi hatupokei, tunapokea mshahara. Habari ya kumrudisha mama kazini bado anazungukazunguka. Akiendelea hivyo jambo hili litakwenda kwa ofisa wa kazi, na kutoka hapo litakwenda kortini.

Yule mama mwenyewe nilimwuliza juzi kama alikuwa akimfikiria Mekatilili alipokataa. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mjinga. “Nilikuwa nikifikiria miguu yangu,” akasema. Kisha akaongeza kwamba kama wangemwuliza vizuri wiki moja mbele, na wakamlipa, angecheza, na angewaonyesha wageni kifudu chenyewe hasa, si ule mruko wa kando ya bwawa.

Mashahidi wanatakiwa. Mwanachama yeyote aliyefanya kazi jioni ya tarehe 20 Oktoba katika hoteli hiyo, au katika hoteli nyingine iliyofanya mchezo kama huo bila malipo, aje ofisini Jumamosi baada ya saa nane na karatasi yake ya mshahara, ikiwa alipewa karatasi. Asiyepewa aje hivyo hivyo. Jina lake halitaandikwa katika karatasi hii.